Jina la mateka laweza kumwua

Askari anapotekwa katika vita vya mataifa mawili, hapazuki ubishi juu ya jina lake. Ni mateka wa vita. Atanyang'anywa silaha, atafungiwa, atalishwa chochote kilichopo, na vita vikiisha atarudishwa kwao. Waliomshika wanaweza kumtendea ukatili, na mara nyingi humtendea, lakini hawakani kwamba ni askari. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hali huwa nyingine kabisa. Serikali iliyoko madarakani haikubali kuwa kuna vita. Husema kuna waasi, wahaini na majambazi. Kumwita adui aliyekamatwa mateka wa vita huonekana kuwa sawa na kukiri kwamba huko alikotoka pana serikali ya pili. Kwa hiyo kabla mtu huyo hajaulizwa kama ana njaa au jeraha, wakubwa hubishana aitwe nani, na ubishi huo, kwa maoni yangu, umewaangamiza mateka wengi kuliko risasi za walinzi wao.

Mfano ulio dhahiri kupita yote ni ule wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865. Watu wapatao 410,000 walifungiwa katika kambi na magereza ya pande zote mbili, na takriban 56,000 kati yao walifia humo: wapatao 30,000 walikuwa askari wa Kaskazini waliofungwa Kusini, na wapatao 26,000 walikuwa askari wa Kusini waliofungwa Kaskazini. Katika mapigano ya Gettysburg, ambayo kila mwanafunzi wa historia huyataja, waliouawa uwanjani kutoka pande zote walikuwa kama 7,000. Hata hivyo vitabu vya shule hujaa habari za Gettysburg, nao wale waliooza polepole nyuma ya kuta za magogo hupewa aya moja, kama wapo.

Ubishi wa jina ulianza mapema. Mwezi wa Juni 1861 wanamaji wa Kaskazini walilikamata jahazi la Savannah, ambalo mabaharia wake walikuwa na kibali cha serikali ya Kusini cha kuteka meli za biashara za adui. Machoni pa Kusini hao walikuwa wapiganaji halali. Machoni pa Rais Abraham Lincoln, Kusini haikuwa nchi, hivyo kibali chake kilikuwa karatasi tupu; na anayeteka meli pasipo kibali ni haramia, naye haramia hunyongwa. Walishtakiwa huko New York, na mwezi wa Oktoba wazee wa baraza la mahakama wakashindwa kuafikiana. Lakini huko Philadelphia baharia mwingine wa aina hiyohiyo, William Smith, alikuwa amekwisha kupatikana na hatia ya uharamia.

Jefferson Davis, rais wa Kusini, alikuwa ametangulia kuonya kwamba atalipiza. Mnamo Novemba, mjini Richmond, maafisa wa Kaskazini waliokuwa mateka walipigiwa kura. Kura ya kwanza ilimwangukia Kanali Michael Corcoran: Smith akinyongwa, Corcoran naye atanyongwa. Wenzake 13 wakateuliwa kuwa rehani ya mabaharia wa Savannah. Lincoln alirudi nyuma kimyakimya. Mwanzoni mwa 1862 wale walioitwa maharamia walihamishwa kutoka jela ya wahalifu na kuwekwa pamoja na mateka wa vita. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni jina tu, nalo likaziokoa shingo za watu wa pande zote mbili.

Baada ya hapo hekima ilitawala kwa muda mfupi. Tarehe 22 Julai 1862 majenerali wawili, John Dix wa Kaskazini na Daniel Harvey Hill wa Kusini, walitia saini mkataba wa kubadilishana mateka. Waliuiga ule ambao Marekani na Uingereza zilikuwa zimeutumia katika vita vyao vya 1812. Mkataba huo ulikuwa na orodha ya thamani za watu, na mtu akiisoma leo hajui acheke au ashike tama. Askari wa kawaida alibadilishwa kwa askari wa kawaida mwenziwe. Luteni alikuwa sawa na askari wanne, kapteni sita, meja wanane, kanali 15, na jenerali mkuu wa jeshi zima alikuwa sawa na askari 60. Aliyekosa wa kubadilishwa naye aliachiliwa ndani ya siku kumi kwa kiapo: aliahidi kwa heshima yake kwamba hatashika silaha tena mpaka jina lake lipate jina la kulifuta upande wa pili. Lo! Jeshi lilimwachilia adui kwa neno la kinywa chake, na kwa miezi kadhaa mpango huo ulifanya kazi. Magereza yakawa karibu matupu.

Sasa msomaji atauliza: kama njia ilikuwapo, iliyokubaliwa na pande zote, na iliyokwisha kujaribiwa, ilikuwaje watu 56,000 wakafa?

Jibu limo katika swali la nani hasa ni askari. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi na kufungua mlango wa jeshi kwa watu weusi. Wapatao 180,000 walijiunga kabla vita havijaisha. Kwa serikali ya Kusini, mtu mweusi mwenye bunduki hakuwa askari; alikuwa mali iliyotoroka, au mtumwa aliyeasi, na adhabu ya uasi wa watumwa ilikuwa kifo. Davis alikuwa ameamuru mnamo Desemba 1862 kwamba watumwa watakaokamatwa na silaha wakabidhiwe serikali za majimbo yao, wahukumiwe kwa sheria za huko. Mwezi wa Mei 1863 bunge lake likaongeza kwamba hata maafisa weupe wanaowaongoza weusi wanaweza kuuawa kwa kosa la kuchochea uasi wa watumwa.

Kaskazini ilijibu kwa kalamu kwanza. Mnamo Aprili 1863 ilikuwa imetoa kanuni za vita zenye vifungu 157, zilizotungwa na Francis Lieber, mwanasheria mzaliwa wa Ujerumani. Huyu Lieber aliijua vita ya ndugu kwa ndugu ndani ya nyumba yake: mwanawe mmoja alifia upande wa Kusini, na mwingine akapoteza mkono akipigania Kaskazini. Kanuni zake zilisema kuwa sheria ya mataifa haitambui tofauti ya rangi, na kwamba mateka hapaswi kuadhibiwa kwa kosa la kuwa adui. Zilisema pia jambo ambalo wakuu wengi wa serikali hawajalielewa mpaka leo, yaani kumtendea mwasi kama mateka wa vita si kuitambua serikali yake. Utu ni jambo moja na siasa ni jambo jingine. Mwezi wa Julai Lincoln akaongezea amri kali: kwa kila askari wake atakayeuawa kinyume cha sheria za vita, askari mmoja wa Kusini atauawa, kwa kila atakayerudishwa utumwani, mmoja wa Kusini atapewa kazi ngumu.

Amri hiyo ilisomwa zaidi ya ilivyotekelezwa. Tarehe 12 Aprili 1864 majeshi ya Jenerali Nathan Bedford Forrest yaliiteka ngome ya Fort Pillow, huko Tennessee, iliyolindwa na watu wapatao 600, karibu nusu yao wakiwa weusi. Karibu theluthi mbili ya wale weusi waliuawa, wengi wakiwa wamekwisha kutupa silaha chini. Kwa weupe ilikuwa karibu theluthi moja. Hapa jina lilifanya kazi yake kabla ya mtu kufika kambini. Hesabu ya mateka ilipunguzwa hapohapo ukingoni mwa mto.

Hivyo basi mkataba ukavunjika, na kutoka nusu ya pili ya 1863 milango iliyokuwa ikifunguka ikafungwa. Kambi zilizojengwa kwa kukaa siku chache zikageuka kuwa makao ya miezi na miaka.

Kambi ya Andersonville, katika jimbo la Georgia, ilifunguliwa mnamo Februari 1864. Ilikuwa boma la magogo marefu lililozunguka uwanja wa ekari 16 na nusu, baadaye ekari 26 na nusu, na waliolipanga walikusudia watu 10,000. Kufikia Agosti mwaka huohuo lilikuwa na karibu 33,000. Hapakuwa na majengo ya kulala. Mateka walichimba mashimo au walitundika mablanketi na makoti juu ya vijiti, na asiye na blanketi alilala chini ya jua na mvua. Kijito kimoja kilipita katikati. Huko juu yake, kabla hakijaingia bomani, palikuwa na jiko la kambi na mahema ya walinzi; maji yaliyofika kwa mateka yalikuwa yamekwisha kubeba uchafu wa wote hao, nao wakaongeza wao. Chakula kilikuwa unga wa mahindi uliosagwa pamoja na magunzi, usiochekechwa, unaokwaruza matumbo ambayo tayari yalikuwa yakihara damu. Mboga hazikuwapo, na kiseyeye kikawang'oa meno watu wa miaka ishirini. Hatua chache kutoka ukutani paliwekwa uzio mwepesi wa mbao ulioitwa mstari wa mauti. Aliyeuvuka, hata kwa kuteleza, hata kwa kunyosha mkono achote maji yaliyo safi kidogo, alipigwa risasi kutoka juu.

Nao mateka wenyewe hawakuwa malaika. Kundi la wanyang'anyi lilizuka miongoni mwao, likiwapora na kuwaua wenzao kwa ajili ya saa, pesa na blanketi. Mateka waliwakamata, wakaunda mahakama yao humo humo, na tarehe 11 Julai 1864 wakawanyonga sita. Njaa haimwulizi mtu alikuwa nani kabla ya kutekwa.

Mwezi wa Agosti pekee walikufa karibu 3,000. Katika miezi yote 14 ya kambi hiyo walipita watu wapatao 45,000, na karibu 13,000 hawakutoka. Ikumbukwe kwamba si kwamba Richmond haikuambiwa. Kanali Daniel Chandler, mkaguzi wa jeshi la Kusini lenyewe, aliitembelea kambi, akaishutumu bila kuuma maneno, na kupendekeza Jenerali John Winder, aliyesimamia mateka, aondolewe. Winder alibaki kazini hadi alipofariki mnamo Februari 1865.

Watetezi wa Kusini husema kwamba hata askari wao walikuwa na njaa, kwamba bandari zao zilikuwa zimezingirwa na reli zao zimekatwa. Hayo ni kweli. Lakini misitu ya Georgia haikuzingirwa na mtu, na mateka waliokuwa tayari kujikatia miti wajijengee vibanda walikuwa maelfu.

Walakini mwenye kudhani kuwa Kaskazini, iliyokuwa na ghala zilizojaa, iliwatunza mateka wake, atazame Elmira, katika jimbo la New York. Kambi hiyo ilifunguliwa mnamo Julai 1864, wakati magazeti yalipokuwa yakichapisha picha za mateka wa Kaskazini waliorudi wakiwa mifupa mitupu. Hasira ilipanda, na Kanali William Hoffman, msimamizi mkuu wa mateka wa Kaskazini, akapunguza posho ya chakula kambini kwa kisasi. Zingatia tofauti hiyo: Kusini wengi walikufa kwa uhaba na uzembe, Kaskazini upungufu ulitiwa saini ofisini. Mateka wa Elmira walilala katika mahema mpaka majira ya baridi kali yakawakuta humo, kando ya bwawa lililooza. Nje ya ukuta wafanyabiashara walijenga minara, na wenyeji wakalipa senti chache wapande wakawatazame mateka kama watu watazamavyo wanyama. Kati ya mateka 12,000 hivi, karibu 3,000 walikufa, yaani mmoja katika kila wanne. Vita vilipokwisha, Hoffman alirudisha serikalini zaidi ya dola milioni 1.8 zilizobaki katika mfuko wa mateka. Karani mwenye kubana matumizi namna hiyo hupandishwa cheo, lakini mimi siwezi kuisoma tarakimu hiyo bila kuigawanya kwa makaburi.

Aliyewazika wafu wa Elmira alikuwa John W. Jones, mtumwa aliyetoroka kutoka Virginia mwaka wa 1844. Alilipwa dola mbili na nusu kwa kila maiti. Angeweza kuwatupa shimoni kama mizigo, na hakuna ambaye angemwuliza. Hao walikuwa wamepigana ili watu kama yeye wabaki utumwani. Badala yake aliandika jina, kikosi na tarehe ya kila mmoja, akaliweka kila kaburi mahali pake, hata karibu 3,000 wale wakajulikana wote isipokuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Inasimuliwa kwamba siku moja alilikuta jina la mwana wa msimamizi wa shamba lilelile alikotoroka. Mtu ambaye Kusini ilimnyima jina la mtu ndiye aliyewahifadhia wana wa Kusini majina yao.

Sasa turudi kwa wakubwa. Mnamo Oktoba 1864 Jenerali Robert E. Lee alimwandikia Jenerali Ulysses S. Grant akitaka mateka wabadilishwe mmoja kwa mmoja. Grant akamwuliza: je, weusi wamo? Lee akajibu kwamba watumwa wa raia wa Kusini hawahusiki na mabadilishano. Grant akakataa, na kambi zikaendelea kujaa. Wako wanaomlaumu Grant kwamba suala la weusi lilikuwa kisingizio, maana mwezi wa Agosti alikuwa ameandika waziwazi hesabu yake ya kijeshi: kila askari wa Kusini anayeachiliwa hurudi vitani mara moja, hivyo kutobadilishana ni ukatili kwa walio kifungoni lakini ni huruma kwa walio mstari wa mbele.

Naam, hesabu hiyo ilikuwapo, na si ya kupendeza. Lakini neno moja la Kusini lingeiondolea Kaskazini kisingizio hicho, kama kilikuwa kisingizio. Neno hilo, kwamba askari mweusi ni askari, Kusini haikulisema mpaka Januari 1865, ilipokuwa imeishiwa na watu. Hapo mabadilishano yalianza tena upesi. Miezi miwili baadaye bunge la Kusini likapitisha sheria ya kuwapa bunduki watumwa wake wenyewe, wawe askari wake! Kilichosemekana kuwa hakiwezekani kwa mujibu wa maumbile na sheria kiliwezekana kwa kura moja. Wale 13,000 wa Andersonville walikuwa wamekwisha kuzikwa, na baadhi ya walionusurika wakapanda meli ya mvuke Sultana, iliyolipuka katika mto Mississippi tarehe 27 Aprili 1865 na kuua zaidi ya watu 1,100.

Ilipofika zamu ya kuwajibika, alitafutwa mtu mmoja. Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Uswisi aliyesimamia boma la Andersonville, alishtakiwa mjini Washington na kunyongwa tarehe 10 Novemba 1865. Sidai kuwa hakuwa na hatia. Lakini si kapteni aliyeamua weusi wasihesabiwe, wala si kapteni aliyepanga idadi ya mateka wa kuletwa kwa kila treni. Davis alifungwa miaka miwili akaachiliwa bila kuhukumiwa. Hoffman hakuulizwa lolote.

Kanuni za Lieber zilisafiri mbali kuliko majenerali hao, na mawazo yake yalifika katika Mikataba ya Geneva ya 1949. Kifungu cha tatu, kinachorudiwa katika mikataba yote minne, kinahusu vita visivyo vya kimataifa. Kinaagiza kwamba aliyeweka silaha chini atendewe kiutu, na kinamalizia kwa kusema kuwa kufanya hivyo hakubadilishi hadhi ya kisheria ya pande zinazopigana. Ni lilelile wazo la Lieber, lililowekwa ili kuwaondolea watawala hofu ya jina.

Hofu hiyo sisi Wakenya tuliionja. Uingereza ilitia saini mikataba hiyo mwaka wa 1949, lakini ilipotangaza hali ya hatari nchini mnamo Oktoba 1952 ilikuwa haijairidhia. Wapiganaji wa Mau Mau walioshikwa msituni hawakuitwa mateka wa vita. Waliitwa magaidi, wakafikishwa mbele ya mahakimu kwa makosa kama vile kupatikana na bunduki au risasi, na zaidi ya 1,000 walinyongwa. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Serikali iliyokuwa imepeleka maelfu ya wanajeshi na ndege za kivita dhidi ya watu wake haikumshtaki kwa vita. Ilimshtaki mjini Nyeri kwa kuwa na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake halikuwekwa alama. Uingereza iliiridhia Mikataba ya Geneva mwezi wa Septemba mwaka huohuo.